Niliahidi milioni moja mbele ya usharika, na sina

BARUA

Mama, shikamoo. Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni fundi cherehani hapa Moshi, nina mume na watoto watatu. Huyu wa mwisho alizaliwa njiti mwezi wa tatu, mimba ikiwa ya wiki thelathini, gramu 1,300. Nililala naye hospitalini wiki tano, nimemfunga kifuani mchana na usiku, maziwa namkamulia kwenye kikombe kidogo. Kuna usiku mmoja watoto wawili wa vitanda vya jirani walifariki, na mimi nikabaki nimemshika wangu mguu, nahesabu pumzi zake hadi alfajiri. Leo ana miezi saba, kilo sita na nusu, amekaa hapa miguuni pangu anatafuna kipande cha tepu yangu ya kupimia.

Mwezi wa nane, Jumapili ya harambee ya jengo, alikuja mhubiri mgeni. Katikati ya mahubiri akasema, ambaye Mungu amemtendea jambo mwaka huu asimame aseme atamrudishia nini. Mama, nilijikuta nimeshasimama. Nikasema, "Namshukuru Mungu kwa mwanangu, natoa milioni moja." Vigelegele vikapigwa, kinanda kikapigwa, katibu akaandika jina. Mume wangu alikuwa amekaa pembeni yangu na hakusema kitu. Tulipofika nyumbani ndipo akauliza, "Milioni ipi?"

Na kweli, ipi? Yeye ni fundi ujenzi, leo kazi ipo kesho haipo. Mimi shule zikifunguliwa sare hunilipa vizuri, lakini miezi hii nashona viraka na kubana magauni ya watu. Mwezi wa tisa nilitoa 50,000. Kwenye kibubu nina 210,000.

Kinachoninyima usingizi ni alivyomalizia yule mhubiri. Alisema anayemwahidi Mungu asitimize, Mungu huja kuchukua alichompa. Wiki iliyopita mtoto alishikwa na mafua, akakohoa usiku kucha. Nikamkumbatia nikajiambia, ndiyo hii imefika. Asubuhi nikaenda VICOBA, kikundi chetu cha kuweka na kukopa, kuuliza, wakaniambia naweza kukopa 700,000.

Mume amekataa katakata. Anasema mama yake huko Rombo aliuza mbuzi wawili tulipokuwa hospitalini, na nyumba yake inavuja, mbona huko sikuahidi kitu? Ni kweli hatujaenda kumwona tangu mtoto atoke wodini. Lakini Mama, huyu mume wangu paa la mama yake hulikumbuka Jumapili tu, siku ya bahasha.

Juu ya hayo, akina mama wa jumuiya wanataka siku nitakayokamilisha ahadi tufanye shukrani yenyewe: sare za kitenge, keki, pilau. Wanasema mtoto wa muujiza hashukuriwi kimya kimya. Hesabu za ahadi zinafungwa mwisho wa Novemba na majina yatasomwa.

Nikope? Ninyamaze? Hapa nimkosee nani?

Mwenye deni la shukrani, Moshi

JIBU

Marahaba mwanangu. Asifiwe milele.

Usikope. Nimelitanguliza hilo ili kama unasoma haya ukiwa njiani kwenda VICOBA, urudi.

Kabla hatujafika kwenye pesa, tuanze na mafua. Nimekuwa muuguzi hadi nilipostaafu, na sehemu kubwa ya kazi yangu ilikuwa wodi ya watoto wachanga. Mtoto aliyezaliwa njiti hushikwa na kifua kwa urahisi mwaka wake wa kwanza, kwa sababu mapafu yake yalitoka kabla hayajakomaa. Baba yake angekuwa amelipa ahadi za usharika mzima, angekohoa vilevile. Akikohoa tena, mtazame mbavu: zikiingia ndani anapovuta pumzi, au akipumua mbio mbio, au akikataa kunyonya, mbebe umpeleke hospitali usiku huohuo. Ninaogopa kitu kimoja kwenye barua yako kuliko vyote, nacho ni ule usiku uliokaa na mtoto mgonjwa ukiwaza katibu wa ahadi. Mama mwenye hatia moyoni huchelewa kuondoka nyumbani.

Huyo mhubiri alikosea, na sitatafuta maneno laini. Mungu hakukukopesha mtoto akashika uhai wake kama dhamana, mithili ya kikundi kinachoandika cherehani yako kwenye daftari. Paulo alipokuwa akiwachangisha Wakorintho kwa ajili ya watakatifu wa Yerusalemu, alikuwa na haja ya kweli ya fedha, na bado aliandika hivi: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima, maana Mungu humpenda yeye atoaye kwa moyo wa ukunjufu." Sijui lazima gani iliyo kubwa kuliko kumtishia mama na jeneza la mwanawe.

Sasa ahadi yenyewe. Wapo watakaokwambia, ah, uliisema kwa jazba, achana nayo. Mimi sisemi hivyo. Neno lilitoka, Mungu alitajwa, watu walisikia. Mhubiri sura ya 5 inasema ni heri usiahidi kuliko kuahidi usiondoe, na bila shaka hilo ndilo fungu mlilosomewa siku ile. Ila waliosoma hapo mara chache hufungua Walawi 27, na huko ndiko kwenye mambo yako hasa.

Sura ile inahusu watu waliofanya ulichofanya wewe: mtu amejawa, amefungua kinywa, ameweka nadhiri ya nafsi ya mtu kwa Bwana. Sheria ikapanga kila nafsi ihesabiwe kwa fedha kiasi gani. Mtoto wa kiume wa kuanzia mwezi mmoja hadi miaka mitano alihesabiwa shekeli tano za fedha, wa kike tatu. Mtu mzima wa kiume, shekeli hamsini. Halafu kwenye mstari wa 8 kinakuja kitu ambacho sijawahi kukisikia Jumapili ya harambee hata moja: aliyeweka nadhiri akiwa maskini, hesabu ile ikamshinda, asimamishwe mbele ya kuhani, na kuhani amhesabie upya kwa kadiri ya uwezo wake. Haikuandikwa kwamba akakope, wala kwamba afukuzwe. Aende kwa kuhani, apangiwe anachoweza, na nadhiri yake ibaki nadhiri iliyotimizwa.

Kwa hiyo nenda kwa mchungaji wako. Nenda siku ya kazi, usimvizie mlangoni baada ya ibada watu wakiwa wanamsalimia. Umbebe mtoto, na mume wako aje. Mwambie: "Mchungaji, niliahidi milioni moja kwa furaha ya mtoto huyu. Nimetoa elfu hamsini. Sina njia ya kupata iliyobaki bila kukopa. Naomba unihesabie." Hutahitaji maneno zaidi ya hayo. Usijieleze nusu saa, usilie kama mwizi aliyekamatwa. Wachungaji wengi ninaowafahamu watafurahi kuliko unavyodhani, kwa sababu wanaoahidi wakashindwa kwa kawaida huacha tu kuja kanisani. Wanahamia usharika mwingine, au wanaanza kusali nyumbani, na mchungaji anabaki na jina kwenye orodha asijue mtu kapotelea wapi.

Akikuuliza unaweza kiasi gani, uwe umeshapiga hesabu. Tuseme 5,000 kila wiki. Kwa 950,000 zilizobaki hizo ni wiki 190, zaidi ya miaka mitatu na nusu. Ndiyo maana nasema uombe kuhesabiwa upya, kugawanya tu hakutoshi. Paulo aliwaambia Wakorintho kila mmoja aweke akiba kwake siku ya kwanza ya juma kwa kadiri ya kufanikiwa kwake, na neno "kwa kadiri" linakuhusu wewe mwenye kazi ya msimu: Januari ya sare bahasha inenepe, Oktoba ya viraka ikonde. Mkikubaliana, mwombe katibu aandike kwenye daftari lake makubaliano mapya, na jina lako likisomwa lisomwe na hiyo hesabu mpya. Kama lile la kwanza ndilo litakalosomwa, utakuwa umebaki palepale.

Najua utaniuliza juu ya yule mjane wa Marko 12, aliyetia senti mbili ndizo riziki yake yote, na juu ya Wamakedonia ambao Paulo anasema walitoa hata kupita uwezo wao. Ni kweli walitoa. Lakini mjane alitia kilichokuwa mkononi mwake, hakupita kwa jirani kuazima. Na usisahau mistari miwili kabla yake, Yesu ametoka kuwakemea waandishi wanaokula nyumba za wajane. Wamakedonia nao, Paulo anasisitiza, walitaka wenyewe tena waliomba kwa kusihi waruhusiwe kushiriki. Wewe ukikopa VICOBA, anayetoa ni nani? Ukishindwa marejesho, wadhamini wako ndio watakaolipa: mama muuza nyanya, dada wa saluni, yule mwenye genge. Utakuwa umetoa sadaka kutoka kwenye mikoba ya wanawake ambao hawakusimama siku ile.

Tuje kwa baba watoto, na hapa nitacheka kidogo. Hesabu 30 inasema mke akiweka nadhiri, mumewe akasikia akanyamaza, nadhiri imesimama. Na akija kuitangua baadaye, ni yeye atakayeuchukua uovu wake. Sheria ile ilikuwa ya watu wale na wakati ule, sikuambii ukaishi chini yake. Lakini msomee. Alikuwa amekaa pembeni yako na masikio yake mawili, vigelegele vikipigwa kwa heshima ya nyumba yake. Swali la "milioni ipi" lilikuwa na nafasi pale kwenye benchi, hata kwa kukuvuta gauni. Kwa hiyo kwa mchungaji mnakwenda wawili.

Pamoja na hayo, kuhusu mama yake amesema kweli, hata kama huisema kwa ujanja. Kuna watu Yesu aliwakemea, Marko 7, waliokuwa wakiwaambia wazazi wao, kile ambacho ningekusaidia nacho ni Korbani, nimeshakiweka wakfu. Mama mkwe aliuza mbuzi wawili. Mkwe wa Rombo akiuza mbuzi, ameuza ada ya mtu, au mbolea ya msimu, au siku yake ya kuugua. Miezi saba imepita na hajamshika huyo mtoto! Ningekuwa yeye ningeshasema neno, na huenda ameshasema, ila halijawafikia.

Nendeni Rombo kabla ya kwenda kwa mchungaji. Toa kwenye hizo 210,000 nauli, kilo chache za mchele, sukari, majani ya chai, kitenge kimoja kizuri ukishone mwenyewe. Usimtumie kwa simu. Mpe mtoto mikononi, umweleze yote tangu mwanzo: gramu ngapi alizaliwa, ule usiku uliohesabu pumzi, na ile siku pesa ya mbuzi ilipofika mkalipia kipimo gani au dawa gani. Mtu aliyetoa anastahili kujua kilichotoka kwake kilifanya nini. Halafu mume wako apande juu akaangalie paa. Yeye ni fundi. Mabati akiyapata kidogo kidogo, ufundi ni wake. Hapo ndipo tutajua kama paa linamuuma au alikuwa analitumia kukujibu wewe.

Zilizobaki kwenye kibubu usiziguse. Ni za mtoto wa njiti, na nimeshakwambia habari za kifua.

Sasa hao wa keki. Sitaki uwagombeze, wamekupenda. Huenda ndio waliokufulia nguo na kupikia watoto wako wawili ulipokuwa wodini. Na kwa jambo moja wako sahihi: shukrani hailiwi peke yako. Kwenye Walawi 7 sadaka ya shukrani ilikuwa na mikate na nyama, na nyama hiyo ilitakiwa iliwe siku ileile, isibaki hata asubuhi. Mnyama mzima, siku moja, familia moja haiwezi. Ilibidi uite watu. Basi pika. Maharage na wali vinatosha, uji wa asubuhi unatosha, na kila mama wa jumuiya aje na kikombe chake. Kitenge cha sare ndicho nakikataa, maana sare ya shukrani ya mtu mmoja huwa deni la watu thelathini, na wewe fundi unajua vizuri ni wangapi mpaka leo hawajamaliza kukulipa sare za harusi za mwaka jana.

Nimekuwa pia mzee wa kanisa, nimehesabu sadaka na kusimama kwenye minada ya baada ya ibada, kwa hiyo nakwambia nilichokiona mezani. Unaijua ile minada yetu: mkungu wa ndizi, kuku amefungwa miguu, mayai yamezungushiwa gazeti. Bibi mmoja alikuwa akileta yai moja. Moja tu, kila anapojaliwa, amelishika kwa leso. Mnadishaji akilinyanyua juu, kuna kijana wa mjini hulinunua elfu kumi, halafu analirudisha, linauzwa tena, linarudishwa tena. Watu wanacheka, yai linazidi kupanda bei. Mwisho wa yote katika hesabu linaandikwa jina la kijana. Bibi huyo alikuwa hasubiri mnada uishe, alikuwa ameshaondoka kwenda kuwahi majani ya ng'ombe. Kwenye chumba cha kuhesabia tulibishana mara nyingi kwamba aandikwe nani, na mimi nilikuwa upande wa bibi kila mara, nikashindwa kila mara.

Nakwambia hayo kwa sababu umenihesabia ulichonacho ukataja kibubu tu. Hukutaja cherehani.

Huko wodini ulikotoka, kinachookoa watoto wengi ni kile ulichofanya wewe, kumfunga mtoto kifuani ngozi kwa ngozi. Njia hiyo ilianzia Bogotá, Kolombia, mwaka 1978, daktari Edgar Rey alipokuwa na watoto wengi na mashine za joto chache. Akawaambia mama wawe wao ndio mashine. Hadi leo inahitaji hasa vitu viwili zaidi ya mama: kitambaa cha kumfungia kisichotelezesha, na kofia ya kumkinga kichwa, maana joto la mtoto mdogo hupotelea sana kichwani. Na nakuhakikishia, katika wodi nilizofanyia kazi vitambaa havikuwahi kutosha. Mama analetwa usiku kutoka kijijini amejifungua njiani, hana hata kanga ya pili.

Wewe umevaa kitambaa hicho wiki tano. Unajua kilikubana wapi, fundo lilikukata bega gani, wapi kingehitaji kuwa kipana zaidi. Shona vitano kwa mabaki ya pamba uliyonayo chini ya meza. Shona na kofia, ukichukua kipimo kwa chungwa; kichwa cha mtoto wa gramu 1,300 hakizidi chungwa kubwa sana. Katika Matendo 9, Dorkasi alipokufa, wajane hawakumwonyesha Petro risiti ya ahadi. Walisimama wakilia, wakimwonyesha kanzu na nguo alizowashonea. Mweleze mchungaji hilo nalo mkikaa kuhesabu. Kama ana busara atalipokea kuwa sehemu ya nadhiri yako, na kama hatalipokea, shona hivyohivyo.

Kisha mpeleke mtoto wodini. Wauguzi wa njiti huaga watoto kila siku na mara chache sana huletewa mmoja amerudi na mashavu. Lakini waliokaa vitandani ndio hasa wenye haja na huyo mtoto wako. Kaa kando ya yule mwenye mtoto mdogo kuliko wote, mwambie wako alikuwa gramu ngapi. Usihubiri, wala usimwambie Mungu atamfanyia kama alivyokufanyia wewe. Wale wawili wa usiku ule nao mama zao waliomba.

Nenda saa ya kuona wagonjwa, umwone sista wa zamu kwanza kabla ya kugawa chochote. Na hivyo vitambaa ufue kwa sabuni isiyo na manukato, uanike juani, upige pasi ya moto pande zote mbili, ufunge kwenye mfuko safi. Wakiona vimetoka cherehanini moja kwa moja watakurudisha navyo mlangoni, na watakuwa na haki.